Utazipa Mbio Mgongo

Mjukuu wangu,

Habari zako nimezipata kwa mama yako kabla hujanipigia: kwamba umeteuliwa kuwa kiongozi wa kikundi cha vijana watakaojitolea kwenye mashindano ya riadha ya uwanja wa Kasarani, hapa Nairobi, na kwamba swali lako la kwanza lilikuwa kama utawaona wakimbiaji kwa karibu. Hutawaona. Afadhali nikwambie mapema, umalize kununa ukiwa bado hapa mtaani Jericho, ili ukifika uwanjani ufanye kazi.

Tarehe 18 Septemba 2021, pale Kasarani, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Hakuna Mwafrika aliyekuwa amewahi kukimbia hivyo, na aliyemtangulia siku hiyo ni Mmarekani Trayvon Bromell peke yake, kwa sekunde 9.76. Mpaka leo ukikaa kwa kinyozi utamkuta mtu anayeisimulia mbio ile kana kwamba aliikimbia yeye. Lakini kijana aliyewekwa kulinda mlango siku hiyo, kama aliulinda kweli, hakuona kitu. Alisikia sauti zikipanda nyuma ya kisogo chake, akaendelea kutazama mlango.

Umepanda matatu za Barabara ya Jogoo tangu ukiwa tumboni. Dereva hutazama barabara, kondakta hutazama watu. Anajua nani amelipa na nani anajifanya amelala, nani anashuka Makadara, mama yupi ana mtoto na mzigo na atahitaji mkono. Wewe umeteuliwa kondakta. Wakimbiaji wana majaji wao, makocha wao na kamera zao. Hao vijana ulio nao, ukiwaacha, hawana mtu mwingine.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili kwenye mafunzo huenda wakalipita haraka. Utawaongoza watu wasiolipwa. Huna mshahara wa kuwakata wala barua ya kuwafuta kazi. Wengine watakuwa wakubwa kwako kwa umri, wengine wana digrii na wamekaa nyumbani miaka wakisubiri kuitwa, na wote wanaweza kuvua ile fulana saa nne asubuhi wakaenda zao bila kukuaga. Ukipaza sauti watakuogopa mpaka saa ya chakula cha mchana, basi. Kitu pekee kinachomfanya mtu asiyelipwa akusikilize ni kuona kwamba unamjua na kwamba mambo yake yako mikononi mwako.

Kwa hiyo nunua daftari. Simu ninazijua, na najua kuna kikundi cha WhatsApp, lakini simu huisha chaji na bando huisha kabla ya chaji. Andika jina la kila mmoja, anakotoka, na namba ya mtu wa nyumbani kwake. Uliza nani ana pumu, nani amefunga, nani ana mtoto mchanga na hawezi kukaa zamu mbili mfululizo. Usiwaulize wakiwa wamepanga mstari kama watoto wa shule. Zunguka kwa mmoja mmoja, siku ile ile ya mafunzo. Na yule ambaye hakuja mafunzo, asiyekuwepo na lake halipo: usimpe kazi ya mlango mkubwa siku ya kwanza kwa sababu tu ana mwili wa kutisha.

Mwaka 1987, Michezo ya Afrika ilipokuja Nairobi na Kasarani ikiwa mpya kabisa, nilikuwa mwalimu kijana wa michezo katika shule ya msingi. Zamani hizo walimu ndio tuliookotwa kwenda kushika saa, kamba na bendera. Aliyetuongoza alikuwa mwalimu mwenzetu, mama mfupi asiyecheka ovyo, na kila asubuhi, salamu zikiwa bado hazijaisha, alikuwa akitazama miguu yetu. Aliyevaa viatu vipya vinavyombana alihamishiwa kazi ya kukaa. Hakutueleza sababu. Kufikia alasiri sababu ilionekana yenyewe, kwa namna wenzetu wa vikundi vingine walivyokuwa wakichechemea.

Mwaka huo huo kuna jambo jingine lilianza, dogo, kule mtaa wa Mathare, ambalo hakuna redio iliyolitangaza. Mkanada mmoja, Bob Munro, alisaidia watoto kuanzisha ligi ya kandanda ambayo leo tunaiita MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare. Ligi hiyo ilikuwa na sharti lake: timu iliyotoka kuzoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa iliongezewa pointi kwenye msimamo wa ligi. Ungeweza kushinda uwanjani na bado ukapitwa na wale walioshika reki. Mwaka 1992 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao hapa hapa Gigiri, likawapa tuzo yake ya Global 500. Mimi lakini kilichonivutia zaidi hakikuwa tuzo. Vijana waliojitolea kufundisha wadogo zao na kuchezesha mechi nao walikuwa wakiwekewa pointi, kila mmoja zake, na pointi zikigeuka karo inayolipwa shuleni moja kwa moja. Maana yake ni kwamba mahali fulani, kwenye kibanda cha mabati, palikuwa na kijana mwenye kalamu anayeandika nani amekuja, amefanya nini, kwa muda gani. Huyo ndiye kiongozi ninayemzungumzia. Huenda hata kupiga mpira hakujua.

Ndiyo maana hunichekesha nikisikia kwamba vijana wa Eastlands hawana uzoefu wa kuongoza. Mtoto aliyelelewa Maringo au Kaloleni ameshakaa kwenye kamati ya matanga kabla hajapata kitambulisho. Ameshatumwa nyumba kwa nyumba na orodha ya mchango, ameshapanga viti vya kukodi, ameshajua mzee yupi akisahauliwa kwenye chai atalivuruga jambo zima. Wewe mwenyewe ulikuwa ukigawa chakula kwenye mazishi ya jirani yetu ukiwa darasa la saba, na hakuna aliyerudi nyumbani na njaa. Kasarani ni hayo hayo, ila watu ni wengi na wamevaa vitambulisho shingoni.

Nije kwenye kazi zenyewe.

Kazi nyingi utakazopewa zitaonekana ndogo, na vijana wako watanung'unika kwamba walikuja kufanya mambo makubwa. Chukua viunzi. Mbio za mita 110 zina viunzi kumi kwa kila mstari. Mistari ikiwa minane, ni viunzi 80 vya kupanga na kuondoa, watu wakingoja. Urefu wake si mmoja. Wanaume wakubwa huruka sentimita 106.7, vijana wa chini ya miaka 20 huruka 99.1, wavulana wa chini ya miaka 18 huruka 91.4. Mwanariadha amefanya mazoezi miaka mingi mpaka mguu wake unajua kimo kile bila kumuuliza. Kijana wako akikosea tundu moja la kupandishia, kwa kuwa alikuwa akimpungia mkono rafiki aliye jukwaani, amemharibia mtu kazi ya maisha yake. Kuna waamuzi wa kuhakiki, ndiyo, lakini fanyeni kana kwamba hawapo.

Au chukua vikapu. Wakimbiaji wakifika mahali pa kuanzia huvua suruali na koti za mazoezi wakaziweka kwenye kikapu chenye namba ya mstari wao, na kijana mmoja hukibeba mpaka kule wanakotokea baada ya mbio. Wengi huona aibu kupewa kazi hiyo. Nairobi mwezi wa saba na wa nane unaijua: mawingu tangu asubuhi, manyunyu, ubaridi wa kuingia mifupani. Mkimbiaji aliyetoka Karibiani akimaliza mbio akiwa na jasho, asikute koti lake, atatetemeka mbele ya kamera za dunia. Na hujui ni koti la nani. Agosti 2021, mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20 yalipofanyika Kasarani katikati ya Korona, watu wamevaa barakoa na majukwaa karibu yote yakiwa matupu, Emmanuel Wanyonyi alishinda mita 800 kwa dakika 1:43.76, na kijana wa Botswana aitwaye Letsile Tebogo akashinda mita 100. Miaka mitatu baadaye, Paris, Wanyonyi alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 800, na Tebogo bingwa wa mita 200. Kuna vijana mahali fulani hapa Nairobi waliowabebea nguo zao.

Ukidhani nakuza mambo, kumbuka Budapest. Agosti 2023, kwenye mashindano ya dunia ya watu wazima, wakimbiaji wa nusu fainali ya mita 200 walikuwa wakipelekwa uwanjani kwa vigari vile vidogo vya umeme kutoka mahali pa kupashia misuli. Vigari viwili vikagongana. Andrew Hudson wa Jamaika akaingiwa na vipande vya kioo jichoni, na mmoja wa waliojitolea akaanguka kutoka kwenye kigari. Hudson alikimbia hivyo hivyo, akashindwa kufuzu, waandaaji wakamwongeza kwenye fainali. Mji mzuri, pesa nyingi, kila kitu kimepangwa, kisha vigari viwili vinakutana kwenye njia moja. Kwa hiyo siku moja kabla, tembea kwa miguu kila njia ambayo watu wako watapita. Ujue wapi pana ngazi, wapi pana kona isiyoonekana, wapi wahudumu wa Msalaba Mwekundu wamekaa. Mji huu uko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Wageni wa mbio ndefu watafika mwisho wakitafuta hewa, na kijana wako asisimame akishangaa.

Kuna kazi moja nitaipita upesi, ya kumsindikiza mwanariadha aliyeteuliwa kupimwa dawa za kusisimua misuli. Kanuni yake ni kutomwondoa machoni tangu anapoarifiwa mpaka anapofika chumba cha kupimwa. Wape watu wasioona haya na wasioomba picha.

Kwenye geti ndipo nitakapokaa zaidi, maana geti litakuja nyumbani.

Wewe ni mtoto wa Jericho. Kufikia Jumatano mtaa mzima utajua uko geti gani. Atapiga simu yule mliyesoma naye shule ya Ofafa, atapiga binamu yako wa Kayole, atakuja kijana aliyekuokoa siku ile simu yako ilipotaka kuporwa, akiwa na wenzake sita, akisema, wacha tu tupite hapa pembeni. Ukisubiri kuwakatalia pale getini, mbele ya watu, utakuwa umewaaibisha na watakuchukia, au utalegea. Wakatalie mapema. Pita barazani jioni, waambie kwa utulivu kwamba geti si lako, kwamba atakayekuja bila tiketi atakukosesha kazi, na kwamba wenye tiketi utawaelekeza njia fupi. Kijana wa mtaani humheshimu mtu aliyemwambia hapana akiwa amekaa naye chini. Vijana wako nao uwape ruhusa ya kukutupia lawama wewe: waseme kiongozi wao ni mkali, hataki. Jina lako likichafuka kidogo kwa ajili yao, litasafishika.

Sisemi haya kwa ajili ya heshima ya tiketi. Tarehe 23 Oktoba 2010, siku ya mechi ya kandanda ya Gor Mahia na AFC Leopards, watu saba walikufa katika msongamano pale uwanja wa Nyayo. Walitoka nyumbani wakiwa na nyimbo. Agosti 2025, wakati wa mashindano ya kandanda ya CHAN, mashabiki wasio na tiketi walijitosa kwa nguvu kwenye mageti ya Kasarani, na shirikisho la kandanda la Afrika, CAF, likaitoza Kenya faini na kupunguza idadi ya mashabiki wa kuruhusiwa. Wenye tiketi halali ndio walioumia. Ukitaka kujua umati mzuri unafananaje, uliza kuhusu Julai 2017, mashindano ya dunia ya chini ya miaka 18. Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa zilikataa kuleta watoto wao kwa hofu ya usalama. Siku ya mwisho, Jumapili tarehe 16, Kasarani ilijaa watu wapatao 60,000, kuwatazama watoto wa kidato cha pili wakikimbia. Uwanja ukijaa namna hiyo, mtu mmoja aliyesimama mahali pake na kusema "mzunguke kule, kuna nafasi" kwa sauti ya kawaida ana thamani zaidi kuliko askari kumi wenye virungu. Kusema kule kuna nafasi, lakini, kunataka uwe umekwenda kule ukaona.

Halafu kuna usiku. Hili hawatakufundisha kabisa, kwa sababu wanaopanga ratiba wana magari yao.

Mashindano ya jioni huisha saa tatu. Watu wakubwa wakiondoka, mabasi ya wanariadha yakiondoka, taa zinaanza kuzimwa, na una wasichana wanane wa kwenda Dandora, Kayole, Umoja na Kariobangi, wamechoka, simu zimezima, nauli imepanda maradufu kwa sababu kondakta ameona umati. Kazi yako bado haijaisha. Wiki moja kabla, panga kwenye daftari lako nani anaishi karibu na nani, waondoke kwa makundi. Wanaokwenda kwa njia ya Outering wapande gari moja pale steji ya Allsops, na awepo kijana wa kiume mnayemjua, anayeshuka mwisho. Msichana asishushwe steji peke yake saa nne usiku. Apigiwe nyumbani waje kumpokea. Waandaaji wakisema kuna basi, uliza linapita wapi, maana basi la kwenda katikati ya mji halijamsaidia mtu wa Kayole. Wewe ulale baada ya jina la mwisho kujibu kwamba amefika. Wakikuona unafanya hivyo usiku wa kwanza, asubuhi ya pili hutahitaji kumkumbusha mtu saa ya kuripoti.

Mama yako ananiuliza kama huku kujitolea si kutumiwa. Ni swali la haki, na mimi siungani na wanaowaambia vijana wafanye tu, Mungu ataona. London, mwaka 2012, watu 70,000 walijitolea kwenye Olimpiki, na wengine walichukua likizo kazini ili waje. Kijana wa Kayole hana likizo ya kuchukua. Siku aliyokuja Kasarani ni siku ambayo hakwenda kibarua cha mjengo, na jioni hiyo kuna mtu nyumbani aliyekuwa akitegemea unga. Basi wewe, kabla hujamwita mtu yeyote, nenda kwa aliyekuteua uulize bila aibu: nauli ipo, na inatolewa kila siku au mwisho? Chakula ni saa ngapi, na cha zamu ya jioni kipo? Mtu akivunjika mguu akiwa kazini, nani analipa hospitali? Cheti kitakuwa na jina la kazi aliyofanya, au karatasi moja kwa wote? Majibu waambie vijana wako yalivyo, hata yakiwa mabaya. Kama nauli haipo, sema haipo, na anayeamua kubaki abaki akijua. Nimeona vijana wakivumilia siku tano bila posho wasilalamike, kwa kuwa waliambiwa ukweli mwanzoni. Nimeona pia wengine wakizua ghasia kwa ajili ya mkate na soda, walivyoahidiwa na mtu aliyekuwa akitaka tu wanyamaze.

Chakula kikija pungufu, wewe hutakula. Usiulize kwa nini.

Utakuwa na mmoja asiyefanya kazi. Kila kikundi huwa naye: anazurura, anajipiga picha na wanariadha, anatokea wakati wa chakula. Usimkaripie mbele ya wenzake. Mhamishie mahali ambapo akiondoka pengo lake litaonekana mara moja, na kwa kawaida atatulia, maana wengi wa namna hiyo hawajawahi kupewa kitu ambacho kikikosekana mtu atawatafuta. Asipotulia, mshukuru, chukua kitambulisho chake cha uwanjani, mpe nauli ya kurudi. Na aliyekosa kuja siku ya pili, mpigie kabla hujamfuta. Huenda mafuriko yameingia kwao, au amepata kibarua cha siku mbili, na hilo halina kosa.

Mashindano yakiisha, watu wote watakimbilia picha ya pamoja. Pigeni. Kisha keti na daftari uandike kurasa mbili kwa waandaaji: nani alifanya nini vizuri, kwa majina, maana hayo majina hayajulikani na mtu mwingine yeyote. Yule aliyetuliza umati, yule anayejua lugha ya ishara aliyemsaidia mama kiziwi kupata kiti, yule aliyeokota pochi akairudisha na pesa zote. Omba waandikiwe barua, fuatilia, nenda tena ofisini wakikwambia urudi kesho. Nchi hii bado inataka mashindano makubwa zaidi. Yale ya dunia ya 2025 iliyaomba, yakaenda Tokyo, na itaendelea kuomba. Siku yakija, atakayeitwa kwanza ni yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi.

Na zile fulana zilizobaki, zihesabu, zirudishe, utie sahihi. Mimi hupita soko la Gikomba kila Jumamosi. Nikiiona moja inaning'inia pale, nitauliza bei, nitauliza imetoka kwa nani, halafu nitakuja kwenu bila kupiga simu.